Folger ya bure kwa Tendo la Kwanza la Julius Caesar: nzuri, ila usiichape ilivyo

Mwalimu aliyepewa darasa la HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) la wanafunzi 48, iwe Uyole, Mafinga au Makambako, akitaka kuwasomesha Julius Caesar ya Shakespeare mstari kwa mstari, ana swali moja la kulijibu kabla ya mengine yote: maandishi yatafikaje kwenye madawati? Vitabu vya kuagiza vina bei. Kabati la shule likiwa na nakala saba, aghalabu ni za matoleo manne tofauti na mbili hazina jalada. Kilichobaki ni mtandao, na huko kinachofaa kuliko vingine ni maandishi ya Folger, maktaba ya Shakespeare iliyoko Washington, Marekani, ambayo imeziweka tamthiliya zake zote wazi kwa anayetaka. Tathmini hii inayapima maandishi hayo kwa kazi moja tu, yaani kusoma Tendo la Kwanza kwa makini darasani. Hapo ndipo darasa hushika au huachia.

Hukumu yenyewe ni hii: kwa kazi hiyo hakuna kitu cha bure kinachoyapita, lakini mwalimu akiyapakua jioni na kuyapeleka steshenari asubuhi kama yalivyo, somo litamfia mkononi.

Unachopata ni tamthiliya nzima iliyohaririwa na Barbara Mowat na Paul Werstine, wahariri wale wale wa kitabu cha Folger kinachouzwa madukani. Kuna faili la PDF, kuna la Word, na ni mepesi kiasi kwamba hata bando la siku linatosha. Ruhusa yake ni ya matumizi yasiyo ya biashara. Kunakili kwa ajili ya darasa ni halali, ila kuyajalidi na kuyauza kama kitabu si halali. Kwenye PDF kila mstari una namba ndogo pembeni kushoto, zinazoanza na mstari wa kwanza wa tamthiliya na kwenda moja kwa moja hadi wa mwisho, na kulia kuna namba za kawaida zinazohesabu ndani ya onyesho.

Namba hizo ni mali. Darasa lenye matoleo mchanganyiko hupoteza robo ya kipindi kutafutana. Mwalimu anataja mstari wa 140, mmoja anasoma maneno ya Cassius na mwingine yuko kwa Brutus, kwa sababu sehemu za nathari hukatwa kufuatana na upana wa ukurasa, na kila mchapishaji ana upana wake. Hata majina hayakubaliani. Yule mtetezi wa watu wa onyesho la kwanza huandikwa Marullus katika matoleo mengine na Murellus katika mengine, na mke wa Caesar ni Calpurnia hapa na Calphurnia pale. Mwanafunzi makini hudhani ni watu wawili. Nakala ya aina moja kwa wote inalimaliza tatizo hilo siku ya kwanza.

Kasoro kubwa ni kwamba maandishi ya bure hayana maelezo ya maneno. Kitabu chenyewe cha Folger kimepangwa vizuri: ukurasa wa kulia ni tamthiliya, wa kushoto ni ufafanuzi wa maneno magumu. Faili la bure limekupa ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto unauandika mwenyewe.

Na hapa wengi huandika isivyopaswa. Mwalimu hukusanya maneno mazito yenye sura ya kale, akayapanga ubaoni na maana zake, 40 hivi, darasa likanakili kipindi kizima. Maneno hayo si hatari, kwa kuwa mwanafunzi akiyaona anajua hayajui na atauliza. Yanayoharibu usomaji ni yale anayodhani anayajua. Brutus anaposema "I am nothing jealous", hazungumzii wivu. Anasema hana shaka kwamba Cassius anampenda. Brutus huyo huyo akimuuliza Casca kwa nini Caesar ameonekana "sad", haulizi huzuni, anauliza kwa nini uso umekuwa mzito. "Glass" ni kioo cha kujitazamia, "shadow" ni sura yako ndani ya kioo hicho, "ceremonies" kwenye onyesho la kwanza ni mapambo yaliyovikwa sanamu, "speed" kwenye kiapo cha Brutus ni kufanikiwa, na "several hands" kwenye mpango wa Cassius ni miandiko tofauti, wala si mikono kadhaa. Tia humo "naughty", ambalo siku zile lilikuwa tusi lenye uzito na leo ni utundu wa mtoto. Maneno 25 ya aina hii kwa tendo zima yanatosha. Yaandike kwa Kiswahili, neno moja au mawili, pembeni ya mstari wenyewe. Ukiyapanga nyuma kama orodha, hakuna atakayefunua.

Kwa hiyo uchapaji. Chukua faili la Word, kata Tendo la Kwanza peke yake, na hakikisha namba za mistari bado zipo. Zikikosekana, ziweke kila baada ya mistari mitano kabla hujachapa chochote. Karatasi A4, herufi za ukubwa wa 12, pambizo la kushoto sentimita 2.5 na la kulia sentimita 7. Hizo 7 si anasa, ndizo daftari la mwanafunzi. Safu ya maandishi inabaki sentimita 11.5, na mstari wa ushairi wa Shakespeare pamoja na jina la msemaji unaingia humo bila kuvunjika. Ukitaka kubana matumizi kwa safu mbili kwenye ukurasa mmoja, mistari mirefu itakatika na vipande vitashuka chini, kisha darasa litavihesabu kama mistari mipya. Angalia pia alama ndogo zinazofanana na mabano nusu, ambazo wahariri wametia pale walipogusa maandishi ya chapa ya 1623, chapa ya kwanza ya tamthiliya hii. Kwenye kompyuta ya steshenari isiyo na herufi hizo zinaweza kugeuka visanduku vitupu. Peleka PDF uliyoitengeneza wewe, usipeleke Word.

Mpangilio huo unakaa kwenye pande 15 hivi, yaani karatasi 8 zilizochapwa mbele na nyuma. Kwa wanafunzi 48 ni karatasi 384. Rimu moja ya 500 inabakiza 116 za mitihani. Chukulia kopi ni shilingi 100 kwa upande: 1,500 kwa mwanafunzi, 72,000 kwa darasa. Mkileta karatasi zenu, omba bei ishuke. Toa kopi zote kutoka kwenye nakala safi ya kwanza. Kopi ya kopi hufifisha namba za pembeni kabla ya kufifisha maneno, na namba ndizo ulizozifuata. Usikubali pini moja kwenye kona pia, kwani karatasi ya nane hupotea wiki ya kwanza. Pini mbili za stepla ubavuni zinatosha.

Jambo moja zaidi kwenye ukurasa, na hili ndilo linalowatofautisha wanaosoma na wanaotazama. Kwenye Folger ushairi na nathari vinaonekana kwa macho. Mistari ya ushairi inaanza kwa herufi kubwa na kuishia njiani. Nathari inakimbia hadi ukingoni. Ukinakili tamthiliya kutoka kwenye kurasa za ovyo za mtandao na kuibandika kwenye Word, tofauti hii mara nyingi hufutika, yote ikawa uji. Bila tofauti hiyo onyesho la kwanza halisomeki. Wakubwa wawili, Flavius na Marullus, wanasema kwa mizani. Fundi viatu anawajibu kwa nathari, na bado ndiye anayewazidi akili.

Tulitazame onyesho hilo kwa karibu, maana ni fupi, mistari 75 hivi, na kipindi cha dabo cha dakika 80 kinalimaliza. Mwalimu asome mwenyewe mara ya kwanza bila kusimama. Ni dakika nne. Mara ya pili wanafunzi wapokezane, lakini si kwa mstari. Kupokezana kwa mstari ndiko kunakoua hotuba ya Marullus, kwani pale anapowakumbusha watu walivyopanda kuta, minara, madirisha na hata dohani, watoto mikononi, wakakaa kutwa wakimngoja Pompey, jemadari wa Rumi aliyekuja kushindwa na Caesar, apite, ni sentensi moja iliyotambaa mistari sita. Wapokezane kwa nukta. Watasikia pumzi yake inavyojaa, kisha inavyopasuka kwenye yale maswali matatu yanayoanza kwa maneno yale yale, "And do you now". Takriri wanaijua kutoka kwenye Kiswahili. Waache waitaje wenyewe. Na dohani? Mtoto wa Mufindi ameziona kwenye nyumba za mashamba ya chai. Wa Kyela atahitaji kuchorewa.

Mara ya tatu, penseli mkononi, wazungushie kila "thou" na kila "you". Wanafunzi hufundishwa kwamba "thou" ni Kiingereza cha Biblia, basi, wakaishia hapo. Nyanda za juu kusini zina njia ya mkato ambayo Dar haina. Anayejua Kinyakyusa anajua kwamba rika lako unamwambia ugonile, mkubwa wako mugonile, na kwamba kumtupia mzee ugonile ni kutafuta maneno. Shakespeare anacheza na kitu cha namna hiyo. Marullus anamwita seremala "thou" bila kufikiri. Akimgeukia fundi viatu anaanza na "You, sir", heshima ya kejeli. Fundi anamchezea kwa majibu ya mafumbo. Marullus anashuka hadi "thou", halafu "thou saucy fellow". Hasira yote imeandikwa kwenye kiwakilishi, na mwanafunzi wa Tukuyu huiona kabla mwalimu hajafungua mdomo. Kiswahili hapa hakisaidii sana, wewe ni wewe, mpaka uongeze mheshimiwa au uiondoe.

Kisha utani wenyewe. Fundi anasema yeye ni mtengenezaji wa soles mbovu, na masikio ya London yalisikia pia souls. Kiswahili tuna soli na tuna roho, havikutani popote, kwa hiyo tafsiri ya haraka inauua utani palepale. Afadhali mwalimu aandike maneno mawili ya Kiingereza ubaoni na kuyatamka bila kueleza, aache darasa licheke kwa wakati wake. Wakishapata hilo, watapata wenyewe kwamba sindano nene ya fundi, "awl", inasikika kama "all", na kwamba "recover" ni kuweka soli mpya na pia kuponya. Hata neno "cobbler" lilikuwa na maana ya pili ya fundi wa kuungaunga. Swali la kufungia: nani katika onyesho hili anatawala mazungumzo, mwenye cheo au mwenye sindano? Majibu yaje na namba ya mstari. Jibu lisilo na namba halipokelewi.

Watakaosoma Historia watauliza kuhusu tarehe, na wako sahihi. Pompey aliuawa Misri mwaka 48 kabla ya Kristo. Gwaride la ushindi dhidi ya wanawe lilifanyika Oktoba 45, baada ya vita vya Munda huko Hispania. Sikukuu ya Luperkali ilikuwa 15 Februari 44, na Caesar aliuawa 15 Machi mwaka huo. Shakespeare, aliyemsoma Plutarch, mwandishi wa kale wa maisha ya wakuu, kwa tafsiri ya Thomas North ya 1579, amelifunga gwaride na sikukuu kuwa siku moja. Dakika tano zinatosha kwa hilo. Linaloeleweka haraka zaidi ni kwa nini Marullus amekasirika: huu ni ushindi juu ya damu ya Warumi wenzao. Mtu hachezi ngoma ya kumshinda ndugu yake.

Onyesho la pili ndilo mfupa. Ni zaidi ya mistari 300, na linataka vipindi vitatu vya dabo. Anayelibana kwenye kimoja anaishia kusimulia hadithi. Likate sehemu tatu: hadi Caesar anapotoka kwenda kwenye mbio, kisha Cassius na Brutus peke yao, kisha kuanzia Caesar anaporudi.

Sehemu ya kwanza ni nyepesi, ila kuna jambo ambalo vitini vya mitihani hulipita. Onyo la Idi za Machi, yaani 15 Machi, linatamkwa mara tatu, na mara ya katikati linatoka kinywani mwa Brutus, anayemrudia Caesar maneno ya mtabiri. Atakayemuua ndiye anayempelekea onyo. Waulize darasa nani kasema maneno hayo, wengi watajibu mtabiri; warudishe kwenye ukurasa.

Sehemu ya pili ndiyo inayolipa gharama ya kopi. Kuna mahali kelele za umati zinasikika nje, Brutus anasema anahofia watu wanamchagua Caesar kuwa mfalme wao, na mstari wake unaishia njiani, silabi sita. Cassius anaumalizia: "Ay, do you fear it?" Kwenye ukurasa wa Folger maneno haya yamesogezwa mbele, yanaanzia pale alipoishia Brutus. Wanafunzi huona nafasi ile tupu na kudhani ni kosa la steshenari. Hapana. Ni mstari mmoja uliogawanywa watu wawili. Cassius ameingia ndani ya sentensi ya mwenzake kabla haijapoa, na amechukua neno moja tu, lile la hofu. Hajauliza kuhusu watu, hajauliza kuhusu mfalme. Wasome wawili hivyo, bila pengo, kisha wasome tena na pengo la sekunde mbili. Tofauti itasikika mpaka dawati la nyuma. Ndiyo maana nasisitiza faili lisivurugwe: programu ikiusukuma mstari huo hadi kushoto, ushahidi wote umeondoka.

Kuhusu mizani, onyo dogo. Wanafunzi wetu wamezoea kuhesabu silabi za shairi la Kiswahili, nane kwa nane, kila silabi na haki yake. Ukiwaambia mstari wa Shakespeare una mizani kumi, watahesabu kwa vidole na kukuta kumi na moja, kama mstari huo hapo juu, wakadhani wamekosea. Kiingereza kinapima mkazo. Waambie wapige meza pale sauti inapopanda tu, wapate mapigo matano, na silabi moja ya ziada mwishoni wasiigombanie.

Halafu hoja za Cassius. Anatangaza kwamba atazungumzia heshima. Waambie wapigie mstari kila sababu anayoitoa dhidi ya Caesar. Watapata nini? Kwamba Caesar nusura azame mtoni Tiber akaomba msaada, na kwamba alipougua homa Hispania alitetemeka akalilia maji kama binti mgonjwa. Dhuluma haimo, sheria iliyovunjwa haimo. Heshima imetangazwa mlangoni na ndani kuna kuogelea na homa. Usiwaambie. Wakae nayo dakika kumi, wawili wawili. Atakayesema "mbona hajataja kosa lolote" ndiye amesoma.

Majibu ya Brutus nayo yasomwe polepole. Anakubali, anakisia, anaahirisha, anaahidi, vyote kwenye hotuba moja fupi, na mwisho anasema bora awe mwanakijiji kuliko kujiita mwana wa Rumi katika hali hiyo. Mjini Mbeya kauli hiyo huzua mjadala, kwa kuwa nusu ya darasa wametoka kijijini na hawaoni adhabu iko wapi.

Sehemu ya tatu ni ya Casca, kwa nathari, na hapa Folger safi inang'aa. Mchekesho wa kwanza: Casca anasema ulikuwa upuuzi mtupu wala hakuuangalia, kisha anasimulia kila kitu, mpaka aina ya taji na harufu ya pumzi za watu. Wa pili unahitaji kuhesabu. Cassius anasema watu walipiga kelele mara tatu. Rudini nyuma mtafute maelekezo ya jukwaani: kelele zimeandikwa mara mbili. Ya tatu iko wapi? Ilimezwa na mazungumzo? Cassius aliisikia sisi hatukuisikia? Au mwandishi hakujali? Hakuna jibu moja, lakini darasa lililohesabu limeshajifunza kusoma maandishi ya mabano yaliyolala, ambayo kwa kawaida macho huyaruka.

Usikose sentensi moja ya Casca karibu na mwisho, iliyotupwa kama habari ya ziada: Marullus na Flavius, kwa kuvua mapambo kwenye sanamu za Caesar, wamenyamazishwa. Ndio wale wawili wa onyesho la kwanza, waliobishana na fundi viatu. Wamekwisha kwa sentensi moja, na hawarudi tena. Mwanafunzi aliyepitia muhtasari hamkumbuki hata mmoja wao.

Kisha Cassius anabaki peke yake, na viwakilishi vinageuka. Uso kwa uso alikuwa anamwita Brutus "you". Brutus akishatoka, anamwita "thou", na anamlinganisha na madini yanayoweza kufuliwa yakatoka kwenye umbo lake, kwa neno "mettle", ambalo sikioni halitofautiani na la chuma. Mhunzi amebaki na chuma chake. Mistari miwili ya mwisho ina vina, kengele ya kufungia onyesho. Tatizo ni kwamba kengele ya shule hulia kabla ya hapo. Anza kipindi cha tatu na sehemu hii, hata kwa kupindua mpangilio, kuliko kuiachia dakika tatu za mwisho.

Onyesho la tatu, tufani na wanaokula njama, halihitaji mengi. Kipindi na nusu. Jambo la kuangalia ni kwamba Casca sasa anasema kwa mizani. Yule mcheshi wa nathari ameshikwa na hofu na lugha yake imenyooka. Lakini kwa shule za Mbeya, na zaidi za Tukuyu, usilipange kati ya Desemba na Aprili alasiri. Mvua ikipiga bati hakuna anayemsikia mwenzake. Ngurumo za bure zinapendeza mara moja tu. Lipange asubuhi.

Kuna mbadala. Mfululizo wa No Fear Shakespeare unaweka maandishi ya asili kushoto na Kiingereza cha leo kulia. Unasomeka upesi, na hilo ndilo tatizo: jicho huenda kulia na kubaki huko, na upande wa kulia hauna mstari uliogawanywa, hauna "thou", hauna utani wa soli. Unamfaa mwalimu anayetaka kuhakikisha maana usiku kabla ya somo. Cambridge School Shakespeare una mazoezi mazuri ya kuigiza kwenye kurasa za kushoto. Shule yenye bajeti inunue nakala moja ya mwalimu aibe mawazo humo. Arden ni wa chuoni, maelezo yanapanda hadi nusu ya ukurasa. Watu wa chuo cha Mkwawa wataufurahia, Kidato cha Tano utawazamisha. Vile vitini vinavyoanza na dhamira na wahusika kabla ya mstari wa kwanza, viacheni steshenari vilikolala.

Na tafsiri ya Mwalimu Nyerere? Ilitoka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kila mwanafunzi anayesikia habari zake huitaka ianze. Isianze. Ikitangulia, Kiingereza kinakuwa zoezi la kulinganisha maana, na maana watakuwa wanazo tayari. Iingie baada ya kumaliza tendo zima, na si yote. Tafuta nakala mapema, ukianzia maktaba ya mkoa, kwa sababu madukani haipatikani kirahisi, na kumbuka kwamba ruhusa ya Folger ya kunakili haiihusu. Nakala moja ya kusomwa kwa sauti inatosha.

Wasomee sehemu tatu tu: majibu ya fundi viatu, swali la Cassius kuhusu hofu, na ile hotuba anapobaki peke yake. Kabla ya kila sehemu, wawili wawili watafsiri wenyewe kwa penseli kwenye ile sentimita 7 ya pambizo, dakika kumi na tano. Wakishapambana na soli na roho wakashindwa, wakashindwa tena kumwita Brutus kwa namna mbili kwa neno moja la wewe, ndipo umsome Mwalimu. Watasikiliza kama mafundi wanaomtazama fundi mwenzao akiwa kazini.